Mshika Kamba wa Mpiga Rungu

Mpiga rungu alikuwa anakufa kabla hajafika. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake lote, na kwa miezi mingi watu nisiowajua walikuwa wananitukana kwa sababu yake.

Niseme kwanza kazi yangu, maana hata mama yangu mzazi kule Kishapu huwaambia majirani kwamba mwanaye "anafanya mambo ya simu", na wao wanadhani nauza vocha. Mimi na wenzangu wachache tunatengeneza mchezo wa kwenye simu, wa Kiswahili, ambao watu wa mikoa yote wanaingia kwa pamoja kupitia intaneti. Kila mchezaji anachagua awe nani: mpiga mishale, mganga, au mpiga rungu. Wanaunda vikosi, wanapigana na mazimwi, wanapanda ngazi. Mwenzangu mmoja yuko Mwanza, huyo ndiye anayeandika programu. Mimi niko Geita mjini, Kalangalala, chumba na sebule, na kazi yangu ni kuamua kila mmoja anaweza nini na hawezi nini. Nikimwongezea huyu nguvu kidogo, wengine wanalia. Nikimpunguzia, analia yeye. Ni kazi ya mama wa kambo, na mimi sina subira ya mama wa kambo wala ya mama mzazi.

Mpiga rungu anapigana kwa karibu. Lazima amfikie adui ndipo ampige. Mpiga mishale yeye anasimama mbali, anapiga huku anarudi nyuma, mpiga rungu anamkimbilia tu mpaka anaishiwa nguvu njiani. Hata mazimwi makubwa yalikuwa yanamlipua kabla hajanyanyua rungu lake. Watu wakaanza kumkimbia. Vikosi vikawa vinakataa kumpokea, wakimwita mzigo. Wenzangu wakaniambia, haya dada, huyu mtu mbomoe umjenge upya.

Kubomoa si kazi. Shida ni kwamba mmoja wa wachache waliobaki na mpiga rungu alikuwa anakaa sebuleni kwangu.

Ni kaka yangu, wa kwanza kuzaliwa kwetu. Alikuwa mchimbaji mdogo, huko nje ya mji ambako watu wanashuka kwenye maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu wanayochimba kwa mikono. Siku moja kifusi kiliporomoka kikamshika mkono wa kulia. Wenzake walimtoa mzima, tunamshukuru Mungu, lakini mkono ulibaki unaning'inia tu. Haushiki kikombe. Haufungi kifungo. Akaja kwangu kutoka hospitali, tukasema atakaa mpaka apate nafuu, na sote tukajifanya hatujui kwamba nafuu yenyewe ndiyo ile.

Hakutoka nje. Kaka yangu, ambaye zamani ukitembea naye mtaani hufiki uendako kwa salamu, akawa anakaa ndani na pazia limeshushwa. Ilinichukua muda kuelewa, na nilielewa kwa kuona. Alikuja mzee mmoja wa kwetu kumjulia hali, akanyoosha mkono. Kaka akasema shikamoo, akabaki ameinamisha kichwa. Mkono wa kulia haunyanyuki, na wa kushoto hawezi kumpa mzee, kwetu hiyo ni dharau. Mzee akasema marahaba, akaurudisha mkono wake polepole, akaanza kumpa pole. Pole nyingi, ndefu, za heshima kabisa. Kaka alikuwa anatikisa kichwa tu. Baada ya siku ile, akisikia hodi alikuwa anahamia chumbani.

Mchezo nilimwekea mimi kwenye simu yake ili asizubae. Alimchagua mpiga rungu kwa sababu moja: alikuwa anawezekana kwa kidole kimoja. Unamgusa adui kwenye kioo, mpiga rungu mwenyewe anamfuata na kumpiga. Kaka aliegemeza simu kwenye mto, akacheza kwa mkono wa kushoto. Alicheza vizuri, sisemi kwa sababu ni ndugu yangu. Mle ndani watu huongea kwa sauti wakiwa wanapigana, na haukupita muda nikaanza kumsikia anaamrisha. Wewe pita kushoto, wewe subiri, mganga usilale. Watu wa Kahama, wa Mwanza, wa Dodoma, wanamtii. Wakawa wanamwita Ntemi, mtawala. Hakuna hata mmoja aliyejua habari za mkono, na mle ndani hakuna anayenyoosha mkono kusalimia.

Nilipokuwa napika jikoni nikisikia sauti ile, nilikuwa nasimama na mwiko nisikilize. Ilikuwa sauti yake hasa. Huku nje alikuwa ameibakiza kidogo sana.

Sasa basi, nikamjenga mpiga rungu mpya. Nilimpa ngao. Dole gumba la kushoto linashikilia ngao, la kulia linapiga, na lazima uachie ngao pale pale adui anapomaliza pigo lake, si kabla, si baada. Ukipatia, unamrudishia nguvu zake zote usoni. Ilikuwa tamu. Mwenzangu wa Mwanza alinipigia simu anacheka peke yake, anasema amecheza mpaka chai imepoa. Waliojaribu wote walisifia. Mpiga rungu alikuwa amefufuka, lakini nilijua tangu nilipoandika mstari wa kwanza kwamba yule mtu anahitaji mikono miwili.

Siku tukimtoa huyu mpya, Ntemi amekwisha. Hakuna kikosi kitakachomngojea anayecheza kwa nusu. Angerudi kuwa mtu wa sebuleni, mwenye pazia na pole.

Mama alipiga simu siku hizo, kama kawaida yake, kuuliza kama michembe aliyotutumia, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imefika.

"Imefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaka yako anakula?"

"Anakula."

"Anacheka?"

Nikamwambia akiwa anacheza anacheka. Mama akasema basi mwache acheze, hata kama ni upuuzi. Nikakata simu nikiwa na hasira, sijui hasira za nani.

Nikaja na hila. Kwenye toleo la majaribio niliweka kitufe kidogo pembeni. Ukikibonyeza, ngao inajifungua na kujifunga yenyewe. Nilimwekea kaka kwenye simu nikamwambia ajaribu mambo mapya. Nikakaa naye kwenye kochi kama mtu asiye na habari.

Alicheza kidogo, akasimama.

"Hiki kitufe ni cha nani?"

"Cha yeyote anayetaka."

"Yeyote nani?"

"Kaka, wapo watu wavivu..."

"Usinifanye mtoto." Hakupaza sauti. Aliweka simu chini juu ya mto, taratibu, kioo kikiangalia chini. "Mle ndani ndimo mahali pekee ambapo sijapewa pole. Na wewe umeamua unifuate mpaka humo."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikamrukia. Nikamwambia nimeumiza kichwa kwa ajili yake wiki nzima, na yeye hajui kazi ya watu, na kama anaona rahisi basi aje yeye akae kwenye kompyuta. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kitufe nikitoe, akaenda chumbani. Roho iliniuma, jamani. Nilimpenda na nilitaka kumpiga na mto, vyote kwa pamoja.

Alininunia. Kwenye nyumba ya chumba na sebule kununiana ni kazi ngumu, mnapishana mlangoni kama mabasi. Mchana mmoja umeme ukakatika, kompyuta ikazima, nikachemsha michembe, nikaikaanga kidogo kwa karanga za kutwanga, tukala kwa sababu njaa haina kisirani. Halafu, bila kunitazama, akasema:

"Kosa lenu si ngao."

Nikaendelea kutafuna. Kaka ukimdakia neno, analimeza.

"Kosa lenu mnamtuma mtu mbele peke yake. Nani duniani anamtuma mtu mbele peke yake?"

Akaanza kunieleza habari za duara, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aumie. Anayeshuka amefungwa kamba kiunoni. Juu, mdomoni mwa shimo, yupo mshika kamba wake. Anayeshuka hana mambo mengi ya kufanya huko chini, anagonga mwamba tu, kazi yake ni kuwepo pale. Akiona hali si hali, anatikisa kamba. Mshika kamba anavuta. Mshika kamba haondoki, hata kwa haja ndogo, mpaka mtu wake ametoka.

"Na kabla ya kushuka," akasema, "unamwambia ukweli. Leo sijala. Leo goti linaniuma. Leo nimegombana na mke wangu, akili yangu haipo. Hiyo si siri ya kuficha. Anayekushika lazima ajue anashika mtu wa namna gani. Kwetu pale, ukishuka bila kusema, ukitoka unapigwa faini ya soda kwa wote."

"Na wewe siku ile ulisema?"

"Nilisema nina mafua." Akacheka kidogo puani. "Mwamba haukujali mafua."

Umeme uliporudi nilikuwa tayari nimechora karatasi mbele na nyuma. Nilimtoa mpiga rungu ngao yake tamu. Nikampa kamba. Mchezaji mwingine wa kikosi, awe mganga au mpiga mishale, anasimama nyuma yake anashika mwisho wa kamba. Mpiga rungu anagusa tu mahali, anaruka mpaka katikati ya maadui wote, hakuna tena kufia njiani. Akisimama bila kusogea, anakuwa mgumu, na mazimwi yote yanamgeukia yeye na kuwaacha wenzake. Ila ugumu unapungua kadiri anavyopigwa. Akiona mambo yameiva anajigusa mwenyewe, kamba inatikisika mkononi mwa mwenzake, mwenzake anamvuta. Akivutwa mapema, maadui wanatawanyika na kazi imeharibika. Akivutwa kwa kuchelewa, amekufa. Kila kitu kwa kidole kimoja, na hakuna kitufe cha huruma, kwa sababu hata mwenye mikono minne angecheza vile vile.

Mwenzangu wa Mwanza hakupenda. Aliniuliza nani atakubali kusimama nyuma kushika kamba wakati wengine wanapigana, huyo mtu atalala. Alikuwa na haki. Tukabishana siku mbili tatu, tukatukanana kidogo, kisha yeye mwenyewe akaleta dawa: tusimwonyeshe mpiga rungu amebakiza ugumu kiasi gani. Tumwonyeshe mshika kamba peke yake. Basi mmoja yuko ndani ya vita haoni hali yake, mwingine yuko nje anaiona yote na hawezi kupigana. Lazima waongee. Lazima waaminiane. Aliposema hivyo nikaanza kuandika kabla hajakata simu.

Tukajaribu mimi na kaka, pale pale kwenye kochi, yeye mpiga rungu, mimi mshika kamba. Akaruka katikati ya mazimwi. Nikaona ugumu wake unashuka, unashuka, nikavuta.

"Mbona umenivuta?"

"Ulikuwa unakaribia kufa."

"Nilitikisa?"

"Hukutikisa, lakini..."

"Tena."

Akaruka tena. Nikavuta tena kabla hajatikisa. Sikukusudia, dole langu lilikwenda lenyewe. Mara ya tatu nilijikaza kisabuni, nikavuta vile vile. Kaka akaweka simu chini, na safari hii hakuwa amekasirika. Alinitazama, akanishika bega kwa ule mkono wake mzima.

"Mdogo wangu. Aliyeko juu haogopi kwa niaba ya aliyeko chini. Kuogopa ni kwangu. Wewe ni kusubiri."

Nilianza kulia, yeye akaniambia nipenge kamasi tuendelee. Tuliendelea mpaka nikaweza, ingawa kusema kweli sikuweza vizuri. Mimi si mshika kamba mzuri. Napenda watu wangu waondoke hatarini hata kabla hawajaingia.

Toleo jipya tulilitoa Jumamosi mchana. Kikosi cha kaka kilikuwa kimeahidiana kuingia saa kumi, wajaribu zimwi kubwa ambalo lilikuwa limewashinda siku zote. Nilijua kaka angeweza kucheza bila kusema neno. Kidole kimoja kinatosha, nilihakikisha hivyo. Wangepangana nani ashike kamba, wangeingia, na siri yake ingebaki siri. Nami nilikuwa nimejipanga. Nilifungua mchezo kwenye simu yangu, nikasimama mlangoni mwa jikoni, nijitolee kumshika iwapo wangesitasita.

Wakaingia mmoja mmoja, kelele tupu, kila mtu anauliza hii kamba ni ya nini. Kaka akawaeleza. Kisha akaisogelea simu pale kwenye mto.

"Kabla sijashuka," akasema, "kuna kitu lazima mshika kamba wangu ajue. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mimi nina mkono mmoja. Wa kulia haufanyi kazi, uliangukiwa na kifusi. Siku zote nacheza kwa kidole kimoja cha kushoto. Nikichelewa, ni hivyo. Sasa, nani atanishika?"

Kimya. Kimya kile nakijua, ni cha yule mzee aliyekuwa anarudisha mkono wake polepole. Nilisikia mtu upande wa pili anavuta pumzi aanze, na nilijua neno litakalofuata ni pole, na baada ya pole hakutakuwa na Ntemi tena. Dole langu lilikuwa tayari kwenye kioo.

Ndipo akaongea Mgogo mmoja wa Dodoma. Kwa wasiojua, Wagogo ni watani wetu sisi Wasukuma. Mtani anaruhusiwa kukutukana msibani huku umekaa na maiti, na ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

"Ngoja kwanza nielewe," akasema yule mtani. "Yaani mwaka mzima Msukuma wa kidole kimoja ananiita mimi mvivu? Mimi mwenye vidole kumi?"

Mtu akaguna. Mwingine akaanza kucheka, akajizuia.

"Na kumbe ndiyo maana hajawahi kunipigia makofi hata siku moja, nikadhani ana wivu."

Kaka alicheka. Si kile kicheko cha puani. Alicheka mpaka simu ikateleza kwenye mto, akaiokota, akacheka tena, kikosi kizima kikalipuka naye. "Wewe Mgogo, vidole vyako kumi vyote vinajua kuombaomba tu," akajibu, na wenzao wakapiga kelele kama wako uwanjani.

"Haya, kamba nakushika mimi," mtani akasema. "Nikikuua, ng'ombe zako nitarithi. Una nini kingine leo cha kuniambia?"

"Nina njaa. Dada yangu amesimama mlangoni ananitazama badala ya kupika."

"Sawa. Shuka, Ntemi."

Akagusa kioo, akaruka katikati ya mazimwi. Yote yakamgeukia. Sikuwa naona ugumu wake umebaki kiasi gani, hiyo ilikuwa kwa mshika kamba peke yake. Mvute, nikasema moyoni. Mvute sasa. Mtani hakuvuta. Nilimsikia anahesabu kwa sauti ya chini hali ya mtu wake, ametulia, anasubiri. Kaka alisimama pale katikati, anapigwa kutoka kila upande, uso wake umetulia kuliko nilivyouona tangu alipotoka hospitali.

Kisha akatikisa kamba, na kule Dodoma mtu nisiyemjua akamvuta kaka yangu akatoka salama.